Walioweka Ngoma Chini

Kila asubuhi, kabla mama yake hajawasha moto, Minza alichukua ndoo na kushika njia ya lambo. Njia hiyo ilipita katikati ya kijiji chao cha Isenga, mbele kidogo ya Kwihara, na ilipita kando ya bomba la kupampu. Hapo ndipo hasira ilipomwanzia. Bomba lilikuwa limesimama palepale kwenye sakafu yake nzuri ya saruji, ila halikuwa na mpini. Mpini uliondolewa kiangazi kilichopita ukapelekwa mjini Tabora kutengenezwa, na tangu hapo mbuzi walipageuza mahali hapo kitanda chao.

Lambo lilikuwa mbali. Ng'ombe walifika mapema kuliko watu, wakaingia hadi tumboni, wakanywa na kufanya mengine ambayo si adabu kuyaandika. Minza alisubiri watoke, maji yatulie, ndipo achote. Arudi nyumbani, avae sare, akimbie. Alipofika shuleni, kipindi cha hisabati kilikuwa kimekwisha.

"Shikamoo, mwalimu. Ni lambo, mwalimu," alisema akihema.

"Marahaba," alijibu Mwalimu Veneranda. "Najua ni lambo. Lakini uko darasa la saba, Minza. Mtihani hautakuuliza habari za lambo."

Minza aliketi, akafungua daftari. Hesabu za sehemu zilikwisha kumpita, na sasa aljebra nayo ilikuwa inampita. Aliona wazi kuwa angefeli kwa sababu ya mpini wa chuma.

Si kwamba watu wa Isenga hawakusema. Walisema mno. Tatizo ni kwamba diwani wao, Mheshimiwa Lugembe, alipokuja walimpokea kama walivyofunzwa na wazee wao: mgeni njoo, mwenyeji apone. Minza alipiga ngoma kubwa ya shule, akina mama walipiga vigelegele, mgeni akavishwa kitenge na kukabidhiwa jogoo. Naye alicheza kidogo, akapigwa picha, akahutubia hadi jua likainama. Mtu akinyoosha mkono kuuliza habari za bomba, alitazama saa yake na kusema, "Hilo nalijua. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya Mheshimiwa haina Jumatatu," alisema baba yake Minza, Mzee Ngassa. "Mvumilivu hula mbivu, lakini zetu zimeoza tukizitazama."

Siku moja mwalimu mkuu alitangaza kuwa diwani angekuja Ijumaa kufungua darasa jipya, hivyo kikundi cha ngoma kifanye mazoezi. Sabiri, aliyeketi dawati moja na Minza, alimnong'oneza, "Safari hii tuandamane. Tumfungie njia!" Minza alikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumanne ilivuma kwamba diwani angepita jioni kukagua jengo. Walipotoka shuleni, wanafunzi walikata matawi ya miiba, wakayalaza kwenye kona ya barabara, wakaanza kupiga kelele, "Tunataka maji! Tunataka maji!" Minza alipiga kelele hadi sauti ikakauka, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi alijisikia vizuri.

Kilichotokea konani hakikuwa gari la diwani. Ilikuwa pikipiki ya Nesi Zabibu wa zahanati, amebeba sanduku la chanjo za watoto. Alifunga breki, pikipiki ikalala, chupa zikapasukia barabarani. Nesi aliinuka, kiwiko kinatoka damu, akawatazama mmoja mmoja.

"Nani kati yenu ni diwani?" aliuliza.

Alifuta damu kiwikoni.

"Basi mmemkomesha nani?"

Minza alitamani ardhi immeze. Waliomba radhi, wakaondoa miiba kwa mikono yao na kumsukumia pikipiki hadi zahanati, lakini chanjo zilikuwa zimekwisha kuharibika. Diwani naye hakuja kabisa. Alipopata habari alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji, na sauti yake ilisikika hadi kibandani kwa muuza chai. "Kelele za vyura hazimzuii ng'ombe kunywa maji! Ijumaa nakuja. Hao wahuni wenu wapangeni mstari wanipigie ngoma."

Kesho yake darasani, Sabiri alikuwa amenuna. "Mwalimu, maandamano hayasaidii kitu. Viongozi hawasikii."

Mwalimu Veneranda aliweka chaki mezani. "Ng'ombe anahitaji nini kutoka kwa chura?"

"Hakuna, mwalimu."

"Ndiyo maana ng'ombe hamsikilizi chura. Sasa nisikilizeni mimi. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita nchi hii na pembe za ndovu vichwani, kwenda pwani na kurudi. Mwenye msafara akiwapunja chakula, mnajua mara nyingine walifanya nini? Walitua mizigo, wakaketi. Yeye aweza kufoka mpaka koo likauke, lakini pembe hazina miguu. Hawakumchoma mpita njia miiba. Walijua wamembebea nini, wakakiweka chini." Aliwatazama. "Mheshimiwa akija hapa, sisi tunambebea nini?"

Minza alitazama viganja vyake, vilivyoota sugu kwa vijiti vya ngoma.

"Ngoma, mwalimu," alisema polepole. "Na vigelegele."

Jioni alimkuta mama yake, Mama Advera, akikata viazi vitamu vya kuanika michembe. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama.

"Mayu, Ijumaa tusimpigie diwani ngoma."

Kisu kikasimama. "Mgeni asipokelewe? Unataka tuitwe watu wa namna gani?"

"Apokelewe, Mayu. Apewe shikamoo, kiti na maji ya kunawa. Ila ngoma iwekwe chini mpaka bomba litoe maji."

Mama alikata kiazi kizima. "Na wewe mwenye ngoma kubwa, akikukazia macho hutapiga?"

"Sitapiga."

"Basi na mimi nitavimeza vigelegele vyangu."

Mama Advera alizunguka nyumba kwa nyumba. Kisha alikwenda kwa mwenyekiti kumwambia waziwazi, "Tutakaa tu. Hatutamtukana mtu wala kufunga njia." Mwalimu mkuu alishika kichwa aliposikia, lakini akakumbuka kuwa naye hunywa maji ya lambo, akawaacha wafanye.

Ijumaa diwani alishuka garini akitabasamu, mabega tayari kwa kitenge. Alipewa shikamoo kila upande na kiti chenye mto. Baada ya hapo, kimya. Ngoma zilikuwa zimelazwa chini, na nyuma ya ngoma hizo akina mama wameketi, kila mmoja na ndoo tupu mbele yake. Kijana wa kupiga picha alishusha kamera, kwa kuwa hapakuwa na cha kupiga.

"Isenga! Ngoma zimepasuka?" diwani alicheka. Alicheka peke yake. Akamkazia macho Minza. Mikono ya Minza haikusogea.

Mama Advera alisimama. "Hazijapasuka, Mheshimiwa. Tumezitua. Tutazibeba tena bomba likitoa maji."

"Hilo nalijua. Wiki ijayo..."

"Jumatatu ipi?" aliuliza Mzee Ngassa.

Diwani akafuta jasho. "Jumanne. Fundi atakuja Jumanne."

Jumanne walisubiri kutwa. Hakuja fundi wala pikipiki ya fundi. Minza alirusha vijiti vyake vya ngoma ukutani, machozi yanamtiririka. "Si nilikuambia?" alisema Sabiri.

"Okota vijiti," mama yake alimwambia. "Bandu bandu huisha gogo. Au ulidhani gogo huisha kwa shoka moja?"

Akina mama walimwarifu mtendaji wa kata, kisha wakaenda kuketi mbele ya ofisi yake na ndoo zao. Waliulizwa wanataka nini, wakajibu, "Tunasubiri Jumanne." Waliambiwa waende, wakaenda. Siku ya gulio wakarudi, wakati huu wengi zaidi, na watu wa vijiji vingine waliokuja mnadani wakaanza kuulizana hiyo Jumanne ni ipi. Gulio lililofuata hawakuhitaji kwenda. Fundi alitangulia kufika Isenga, mpini begani.

Maji yalipotoka, Mheshimiwa Lugembe alikuwapo, na kamera ilikuwapo. "Haya, sasa ngoma!" alisema.

"Ngoma ipo," alijibu Mama Advera kwa upole. "Tuambie kwanza, Mheshimiwa. Kwa nini muda wote huu?"

Diwani alitazama saa yake. Watu wakaendelea kumtazama. Hatimaye alishusha mkono.

"Mpini ulikuwa umeshatengenezwa, upo stoo mjini," alisema. "Sikufuatilia."

Minza hakuwahi kumsikia akisema sentensi fupi namna ile. Ilimchoma, kwa sababu asubuhi zote zile za lambo zilikuwa zimetokana na neno hilo moja. Hata hivyo, mama alipomwashiria kwa kichwa, alishika vijiti akapiga, na akampigia fundi kwanza.

Jumatatu Minza alikuwa darasani kabla ya kengele. Mwalimu Veneranda alisimama mbele yao.

"Sabiri, bado unasema maandamano hayasaidii?"

"Yanasaidia, mwalimu. Ila si ya kwanza."

"Umesema kweli. Kiongozi mliyemchagua ana wajibu wa kujibu, nanyi mna haki ya kumuuliza, kwa amani na bila kuchoka. Mkimuumiza asiyehusika kama Nesi Zabibu, mnampa kisingizio. Mkikaa siku moja mkatawanyika, mnampa usingizi. Na kila mtu huulizwa kwa kazi yake, si diwani peke yake." Alimgeukia Minza na kumpa chaki. "Aljebra. Njoo ubaoni."

Minza alikwenda, akaandika jibu. Alilikosa, na safari hii hapakuwa na lambo la kulaumu. Alifuta, akaanza upya.