Macho Aliyoyaacha Mzee Kurokawa

Nagisa alikuwa ameshaweka sindano chini, lakini mlio wake uliendelea: shaki, shaki, shaki.

"Mbona bado unanichoma?" aliuliza mdogo wake, Chigusa, aliyelala kifudifudi mkekani.

"Nimemaliza."

"Basi nani anachoma?"

Nagisa alifuta damu na wino. Mgongo mzima wa Chigusa ulibeba chale ya wino, picha ya mwanamke aliyekufa maji, nywele zimemganda mashavuni. Ilikuwa kazi ya marehemu mzee Kurokawa, mwalimu wa Nagisa, aliyefariki kabla hajatia mboni za macho. Mboni hutiwa mwisho, na ni mwiko fundi mwingine kuzitia. Aliyeanza kuchora ndiye anayejua amemwita nani. Nagisa, mwenye shahada yake ya sanaa, aliyaona hayo maneno ya wazee wapendao kuogopwa. Na Chigusa, aliyetakiwa kupiga muziki mchana ule mgongo wazi, aliapa kwamba hapandi jukwaani na kipofu mgongoni. Basi Nagisa akazitia.

Ukumbi wa Gonda ulikuwa chini ya duka la tambi, mlango hauna hata kibao. Hapo mwenye chale hafukuzwi kama anavyofukuzwa kwenye mabafu ya umma ya Osaka.

"Huyo wa mgongoni naye anaingia bure?" Gonda alimtania Chigusa mlangoni.

"Muulize mwenyewe, una mdomo."

Gonda akainama, akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Nagisa," alinong'ona, "amenikonyeza."

"Punguza bia, kaka."

Lakini muziki ulipokolea, harufu ya tope la mtoni ilianza kupanda kutoka sakafuni. Katikati ya kishindo cha ngoma Nagisa akausikia tena ule mlio, shaki, shaki, na wachezaji waliokuwa karibu na jukwaa wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja wakijipapasa mikono kana kwamba wanachomwa, huku Chigusa akiyumba mbele ya mitambo, mikono yake ikining'inia, maji yakimtiririka mgongoni hadi visigino, na muziki ukiendelea kulia bila mtu yeyote kugusa mitambo.

Nagisa alimvuta hadi stoo, akamketisha kwenye kreti la bia.

"Dada, sisikii muziki," Chigusa alisema, meno yakigongana. "Nasikia maji tu. Mtoe, Dada. Ananisukuma nimpishe."

"Tulia. Nilimfumbua mimi, nitamfumba mimi."

Akafungua mkoba, akachovya sindano. Akalishusha kope la kwanza, nukta kwa nukta, wino juu ya mboni aliyoitia mwenyewe, akimwomba radhi marehemu mwalimu wake kwa maneno ambayo asubuhi ile angeyacheka, hadi jicho likafumbika kabisa. Mlio ukakoma. Chigusa akaacha kutetemeka.

"Unajisikiaje, mdogo wangu?"

"Vizuri mno."

Nagisa akashusha pumzi, akachukua kitambaa, akapangusa damu. Chini ya kitambaa, mashavu ya yule mwanamke yalikuwa yamejaa. Kidevuni palikuwa na kovu, lile alilolipata Chigusa alipoanguka na baiskeli utotoni. Mdomo uliochorwa ulikuwa wazi, kama wa mtu anayeita kutoka nyuma ya kioo, na jicho moja lililobaki lilikuwa likimtazama Nagisa, likitoa chozi la moto lililomdondokea kidoleni.

Aliyekaa kwenye kreti hakugeuka. Alizikusanya nywele zake taratibu, akaziweka begani ili zisimzuie.

"Bado moja, fundi," alisema. "Fumba na hilo, watu wananingoja."