Mkono wa Kushoto wa Ngumbao

"Shemeji, tangu lini washika kikombe kwa kushoto?"

Ngumbao aliganda, chai ikamwagikia shati. Shati lenyewe la Fondo, marehemu mume wangu.

Walikuwa mapacha wa sura moja, ila Fondo alitumia kushoto, Ngumbao kulia. Fondo alipofariki kwa ajali ya pikipiki, baba yao, Mzee Mangi, alitaka nirithiwe na pacha wake. Ngumbao akaitwa kutoka ng'ambo alikosomea fizikia. Tangu afike hapa Matsangoni, nikawa nasikia kikohozi cha Fondo mlangoni na mluzi wake bafuni. Nililala taa ikiwaka. Mzee akasimika kijiti cha koma, mizimu ya wafu, nyuma ya nyumba, akakimiminia tembo la mnazi ili roho ya mwanawe itulie. Ngumbao alisimama hapo hapo, akitazama.

"Ni mimi," alisema sasa. "Nimejifundisha kikohozi, mluzi, mkono. Nilidhani ukimwona yeye, utanikubali mimi."

"Kwa sababu baba yako kasema?"

"Kwa sababu nakupenda, Kahaso. Tangu kabla hajakuoa."

Nilitamani kumpiga. Badala yake nilimuuliza ni kazi gani hiyo anayofanya huko.

Alinieleza kwamba wanapoza atomi kwa mwanga wa leza hadi zikaribie kutulia, kisha wanazipima. Halafu wanapanga kila kitu kinyume, kama kionekanavyo kwenye kioo, wanapima tena, wajue kama pande zote mbili zafuata sheria moja.

"Na zafuata?"

"Hapana. Tofauti ni ndogo mno, lakini ipo. Kuipima huchukua miaka."

"Miaka yote hiyo wewe watafuta tofauti, halafu kwangu waja kuificha?"

Nilimwambia avue shati la watu. Jioni hiyo akahamia kwa rafiki yake aitwaye Barani, kule Malindi, na nyumba ikanyamaza.

Siku ya nne akaniandikia: "Jumapili nije?"

Nilikaa na simu mkononi hadi chai ikapoa. "Njoo. Lakini uje wewe."

Alikuja bila mluzi, akabisha hodi kwa sauti yake, akapokea kikombe kwa mkono wa kulia. Nilitega sikio nimsikie Fondo. Hakukuwa na kitu. Hapo ndipo nilipolia, maana sasa mume wangu alikuwa amekufa kweli.

Ngumbao hakunigusa wala kunibembeleza. Alingoja.

Nilipomaliza kulia, nilimwongezea chai.