Mstari wa Mdogo Wake

Saa sita mchana kompyuta ilianza kunuka udongo mbichi, na mchambuzi akadhani kiyoyozi kimeharibika.

Kazi yake pale kampuni ya bima ilikuwa kuucheza mwaka ujao kabla haujafika. Si ramli, jamani, ni hesabu: mashine inaupigia mwaka kura mara elfu kumi, kila mara inaokota ovyo nani atakufa na nani ataunguliwa nyumba, kisha yeye anaangalia ni mara ngapi kampuni ingefilisika. Kura hizo huhitaji namba ya kuanzia. Wenzake huandika moja, mbili, tatu. Yeye, kwa mapenzi tu, aliandika tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wake wa kiume, aliyemlea kama mwanawe, na ambaye naye alikuwa mteja kwenye orodha ileile.

Siku hiyo akautazama mstari wa mdogo wake kwenye orodha. Mwanamume mzima wa umri ule angekufa labda mara ishirini katika elfu kumi. Huyu alikuwa amekufa mara mia nne.

"Mashine imelewa," akamwambia fundi wa kompyuta, akijichekesha.

Fundi akabadilisha namba ya kuanzia. Vifo vikawa mia tisa. Akazima, akawasha. Elfu mbili.

"Dada," fundi akanong'ona, "feni ya hii mashine niliing'oa jana. Sasa kinachovuma ni nini?"

Wakatega sikio. Kitu kilikuwa kinavuta pumzi humo ndani, taratibu, bila haraka yoyote.

Wakaita mganga, wakampitisha ngazi za nyuma. Aliishia mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Huyu aliyemo humo, ulikuwa unaanza kwa kumpa nini?"

"Tarehe ya mdogo wangu."

"Kila siku?"

"Miaka mitatu sasa."

"Loo, mama! Mimi namtoa jini aliyeingia kwa mlango mmoja. Wewe umemfungulia elfu kumi kila siku. Nisimame mlango upi?" Hata nauli hakutaka. Alishuka ngazi mbio, kiatu kimoja mkononi.

Elfu sita. Hakuna aliyegusa kitu. Akampigia mdogo wake.

"Kaa hapo ulipo. Usivuke barabara, usipande ngazi, nakuomba."

"Dada, una nini wewe? Nipo kazini, mzima kabisa. Jioni nakuja, uniwekee chakula."

Simu ikakatika, na namba ikapanda elfu nane, elfu tisa, huku harufu ya udongo ikijaa chumba kizima, na ile pumzi ikitoka sasa chini ya meza, kwenye droo, nyuma ya shingo yake, na yeye, aliyefundishwa kwamba namba haina macho wala hila, akaona imebaki kumi tu ifike elfu kumi, akafanya jambo ambalo ni mtu wa kazi ile peke yake angelifikiria: akauchagua mstari wa mdogo wake na kuufuta, ili asiwemo tena kwenye kura, asiokotwe tena na mkono wowote.

Kimya. Harufu ikaisha palepale.

Kisha sauti, karibu na sikio, ya upole kabisa: "Nilikuwa nimebakisha mara kumi alizopona. Hizo umezifuta mwenyewe."

Akapiga simu. Namba ile haipo. Akampigia mama yao, akilia waziwazi.

"Mama, mdogo wangu yuko wapi?"

"Mdogo wako yupi, mwanangu? Mbona unanitisha? Si nilikuzaa wewe tu?"

Simu ikamponyoka. Fundi akainama kumwokotea, akamuuliza kwa huruma ya kweli, "Dada, pole. Unamlilia nani?"

Akafungua mdomo amtaje. Jina halikuja.