Fulana Zilizozibwa Shingo

Fundi cherehani alijifungua salama mtoto wa kike. Muda si mrefu alirudi kwenye cherehani yake pale sebuleni, akawa anashona usiku na mchana bila kusinzia. Mama mkwe alimsifu kwa majirani, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Mume, ambaye ni fundi bomba, naye aliridhika. Mtu akichapa kazi, nani atamuuliza kwa nini halali?

Siku moja mama mkwe alichukua fulana mpya amvike mjukuu. Kichwa hakikupita. Shingo ilikuwa imeshonwa ikazibwa, na mikono vilevile. Fulana zote zilikuwa hivyo.

"Mwanangu, atazivaaje hizi?"

"Nimewazibia njia, mama," fundi alijibu kwa utulivu. "Hao wanaotaka kumchukua."

Mama mkwe aliziweka fulana chini. Kisha alimwita mkunga wa zahanati, jirani yao.

Mkunga alimsikiliza fundi bila kubishana naye. Aliwaeleza jamaa kwamba huo ni ugonjwa wa akili unaowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua. Si laana, wala si kosa la mtu. Unatibika, lakini hausubiri. Aende hospitali leo hii, na asiachwe peke yake, wala peke yake na mtoto.

Mume alisita. "Si watamfungia na wanaume wenye fujo, mtoto abaki analia huku?"

"Shemeji, habari hizo zimevuja bomba gani?" mkunga aliuliza. "Hospitali ya rufaa ina wodi ya wanawake pekee waliojifungua, ingawa si kila hospitali inayo. Mama hukaa na mwanawe, wauguzi wakiwaangalia wote wawili. Hata dawa huchaguliwa kwa kuzingatia kama ananyonyesha."

Fundi alikataa kuinuka mpaka aliposikia kwamba mtoto anakwenda naye.

Wodini alipewa dawa, akalala. Alipoamka, mtoto alikuwa palepale, mikononi mwa muuguzi. Hakuna aliyemchukua. Siku baada ya siku, hofu ilimtoka.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, bado akiwa na dawa na tarehe ya kliniki, alikaa kwenye cherehani na kufumua fulana.

"Mshono wenyewe ulikuwa imara," alisema mama mkwe.

"Mno. Ndiyo maana unanitesa."

Kichwa cha mtoto kilipita. Fundi alimkabidhi mama mkwe mtoto, akaenda kulala mchana kweupe. Mama mkwe alitoka nje kuwasifia majirani usingizi huo.