Kiti cha Filimbi

Kofia ilikuwa imegeuka. Katibu aliikuta hivyo alipofungua ukumbi Jumamosi asubuhi, na jambo la kwanza alilofanya ni kumsingizia mfagiaji, maana mfagiaji husingiziwa kila kitu na ameshazoea.

"Mimi kofia za marehemu sizigusi," mfagiaji alijibu kutoka mlangoni. "Nafagia nikiwa nimezipa mgongo. Na hiyo, dada, hebu ishike. Imelowa."

Ilikuwa imelowa kweli.

Ukumbi ule, uliobanwa kati ya gereji na duka la rangi, ulikuwa wa chama cha askari wastaafu. Kila Jumamosi saa nne, kabla ya kuulizana nani kalazwa na paa la mjane yupi linavuja, Katibu alisoma orodha kwa majina ya kambini. Walio hai waliitwa mara moja, wakaitikia. Aliyefariki aliitwa mara tatu, kofia yake ikiwa kitini imeangalia juu, na ukumbi mzima ukakaa kimya. Baada ya kimya cha tatu Mwenyekiti aliigeuza kofia ikaangalia chini. Maana yake: umeruhusiwa, nenda kapumzike.

Katibu mwenyewe hakuwahi kushika bunduki. Alikuwa binti wa mwanachama, mwenye mwandiko mzuri, na wazee walimchagua siku ambayo hakuhudhuria. Baba yake aliitwa Kijiko, kwa kuwa vitani alificha kijiko ndani ya soksi, asije akapitwa na chakula. Tangu mama afariki walibaki wawili tu nyumbani. Goti la kushoto la mzee lilikuwa bovu, akatembelea mkongojo, na kila alipoitwa aliitikia, "Nipo, na goti langu nalo lipo!" Wazee walicheka kila Jumamosi kana kwamba mzaha ule umezaliwa jana.

Kofia iliyolowa ilikuwa ya Koplo Filimbi, kamanda wa Kijiko, mtu wa kupiga mluzi kwa meno, aliyepotea mtoni miaka thelathini na moja iliyopita. Mwili haukupatikana, kwa hiyo hakuwahi kuitwa. Jumamosi ya nyuma Mwenyekiti aliona yatosha. Katibu aliliita jina mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kabla kimya hakijatimia, Kijiko akapaza sauti: "Yupo!"

Lilikuwa kosa la kiaskari. Kambini, mwenzako akichelewa gwaride, unamwitikia asije akaadhibiwa. Wazee walikohoa kwa aibu, Mwenyekiti akaigeuza kofia hivyo hivyo, wakaendelea na habari za paa.

Sasa kofia ilikuwa imeangalia juu. Katibu aliigeuza tena, akapangusa mikono kwenye sketi, asimwambie mtu. Hapo alikosea, na baadaye alijilaumu sana.

Jioni ile, soksi za baba zilikuwa zimelowa. Mvua haikunyesha mwezi mzima. Siku ya pili nyumba ilinuka tope la mtoni na viatu vya ngozi vilivyooza, harufu iliyomfuata mzee kutoka chumba hadi chumba. Siku ya nne, mchana kweupe, wakiwa mezani, baba aliinamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Baba, unasikiliza nini?"

"Nyamaza, mama," alinong'ona. Siku zote alimwita binti yake mama. "Anapiga mluzi. Yuko nyuma ya kiti changu."

Katibu hakugeuka, akabaki ameshika kijiko hewani, kisha naye akausikia, mluzi mwembamba wa kupitia kwenye meno, ukiwa karibu sana, ukikatika kila baba alipovuta pumzi na kuendelea kila alipoitoa, mpaka mzee akaanza kukohoa, akakohoa, akatema mezani maji ya rangi ya udongo.

"Nilishika kamba," baba alisema, machozi yakimtoka. "Aliniambia, 'Kijiko, usiachie.' Nikaachia. Nitamkataaje tena, mbele za watu?"

Walimwita Mama Bandeji. Aliwahi kuwa muuguzi wa jeshi, na baada ya kustaafu alitibu wenye majini kwa ukali ule ule aliotumia kuchoma sindano. Alinusa soksi, akaisogeza mbali.

"Huyu si Filimbi. Aliyekufa hana shida ya kiti. Hili ni jini la mtoni, halikuwa na jina wala pa kukaa. Mmeliita kwa jina, mtu akasema lipo. Mnashangaa nini?"

"Litoke vipi?" Katibu aliuliza.

"Jumamosi liitwe upya mara tatu, na Kijiko anyamaze. Asiitikie kwa mdomo, wala mkono, wala mguu. Akiitikia, yeye na jini watabadilishana nafasi."

Katibu aliogopa kumpoteza baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni alimshika mkono njia nzima hadi ukumbini.

Jumamosi hiyo jua lilikuwa kali na gereji ilikuwa ikigonga vyuma. Kofia iliwekwa kitini. Kijiko aliketi mbele, mkongojo katikati ya magoti, midomo ameiuma.

"Filimbi."

Nyundo za gereji zilinyamaza. Maji yakaanza kudondoka chini ya kiti.

"Filimbi."

Harufu ya tope ikapanda mpaka wazee wakaziba pua, na kile kiti kikalia kama kinavyolia kiti anapokikalia mtu mzito, halafu sauti ya mtu anayezama ikaanza kumbembeleza Kijiko, Kijiko ndugu yangu, kamba, nishikie kamba, na mzee akatikisika mwili mzima, machozi yakashuka hadi kidevuni, lakini mdomo hakuufungua, na Katibu akaliita kwa mara ya tatu jina lile alilolichukia kuliko majina yote.

"Filimbi."

Sauti ikaacha kubembeleza. Ikaamuru.

"Kijiko! Mguu... sawa!"

Visigino vikagongana. Kijiko alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, kabla mwenyewe hajajua. Mwili uliofundishwa ukiwa kijana hauombi ruhusa.

Kofia ikajigeuza yenyewe ikaangalia chini. Maji yakakauka. Harufu ikaisha, nyundo zikaanza tena kugonga.

"Limetoka!" Mwenyekiti alisema, na wazee wakakumbatiana. Mama Bandeji peke yake hakusogea. Alikuwa anamtazama Kijiko.

Katibu akasoma orodha ya walio hai. Akafika kwa baba yake.

"Kijiko."

"Nipo."

Ukumbi ulisubiri goti. Goti halikutajwa. Mzee alitabasamu, akatoka nje kwa hatua ndefu za kijana, mkongojo ameuacha sakafuni, na sakafu ikabaki na alama za viatu vilivyolowa. Wazee wakamfuata taratibu, hakuna aliyethubutu kumpita.

Katibu aliuokota mkongojo. Alipopita karibu na kiti cha Filimbi alisikia mtu akinong'ona chini ya kofia, kwa pumzi fupi, kama aliye mbali na amechoka.

"Nipo, mama. Na goti langu nalo lipo."

Aliishika ile kofia kwa mikono miwili. Mlangoni mluzi ulikuwa umeanza, halafu ukakatika.

"Wewe binti," sauti ya baba yake iliita kutoka nje. "Funga ukumbi, twende nyumbani kwetu."