Waliniambia Nimeliua Gari la Baba

Mimi ni Tumpe, msichana wa miaka ishirini na minne, Mnyakyusa, mkazi wa Mbeya. Uchungu huu nimekaa nao tangu kipupwe kilichopita, na leo nautema. Atakayenicheka na acheke!

Marehemu baba aliniachia kitu kimoja tu: gari. Hakulinunua, wasomaji wenzangu... alilitengeneza! Fremu ilikuwa ya lori la vita lililotupwa, injini ilitoka gari jingine, bodi aliipigilia mwenyewe kwa mbao. Watu walilicheka, wakaliita Kiraka. Lakini lilipeleka abiria Iringa na kuwarudisha, na kuendesha nilifundishwa ndani yake.

Baba alipofariki, dereva akawa mchumba wangu Lutengano. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuingia zizini kwa baba mdogo, tukingoja mavuno tu tufunge ndoa. Nilimpenda... Nani asingempenda? Mpole, mwimbaji wa kanisani, pombe haonji.

Huruma ndiyo iliyoniponza. Siku moja alipanda mama na kichanga chake, na tulipofika Makambako mtoto alikuwa amebadilika rangi kwa baridi. Alipona, lakini mimi sikutulia. Nikatafuta hita kwenye lori bovu la mlowezi mmoja, Lutengano akaifunga. Hita ile huvuta maji ya moto ya injini na kupuliza joto ndani.

Tangu hapo gari likawa linachemsha! Kila mlima, mvuke. Abiria wanashuka, wanatembea, wanatutukana, na wengine wakahamia magari ya watu. Lutengano alibadilisha mipira ya maji, akazibua rejeta, akatikisa kichwa. Nilipomwambia tuiondoe hita, alisema haisaidii tena, injini imekwisha kupasuka ndani.

Baba mdogo naye akapata la kusema. "Baba yako kakuachia gari, wewe umelitia moto tumboni. Unadhani huko alikolala amelala?"

Jamani! Nililia mpaka macho yakavimba. Nilijiona muuaji. Ndiyo maana Lutengano aliposema kaka yake wa Iringa yuko tayari kulichukua kama vyuma chakavu, nilikubali. Niliomba tu nilisindikize safari yake ya mwisho.

Tulilala Makambako. Ninyi wa pwani hamjui: kipupwe cha kwetu huweza kugandisha maji ndani ya injini na kuipasua, kwa hiyo kila jioni dereva huyamwaga yote, asubuhi akatia mapya. Baba alifanya hivyo. Kila dereva mwenye akili zake hufanya hivyo.

Siku ya pili tukaanza kuupanda mlima wa Ipogolo, mji wa Iringa uko juu yetu. Likachemsha! Tukiwa tunangoja lipoe, mama mmoja wa Kihehe tuliyempakia njiani, aliyekuwa anakwenda Tosamaganga kumwona mjukuu wake hospitalini, akanung'unika.

"Mwanangu, gari inaungua huko mbele, mbona mimi huku miguu inaganda?"

Nikaishika hita. Baridi kama jiwe la mtoni! Injini inatokota, hita baridi... inawezekanaje? Basi maji hayafiki. Nini kimeyazuia? Nikawakumbuka wazee wetu wanaokunywa pombe ya kimpumu kwa mirija: mrija ukiingiwa hewa, utavuta mpaka mashavu yaume na hupati kitu. Kila asubuhi tulipotia maji mapya, hewa ilibaki imenaswa kwenye mipira ya hita! Zamani hita haikuwepo, ndiyo maana desturi ile haikumdhuru baba.

Injini ilipopoa nikalegeza mpira wa hita, nikamimina maji taratibu kwenye rejeta. Fsss... hewa ikatoka, kisha maji. Nikakaza, nikawasha. Joto likampuliza yule mama miguuni, akaanza kucheka!

Nikageuka nimkumbatie mchumba wangu. Alikuwa amenuna.

"Nani kakutuma uguse?"

Nikamwuliza kama alijua. Akasema, "Nilijua. Ng'ombe niliotoa kwenu ni wa kaka, Tumpe. Nilimwahidi gari. Baba yako mdogo anajua. Lingekuwa zima, ungeliachia?"

Mmesikia, wasomaji? Nilikuwa ninaolewa kwa mahari iliyolipwa na gari langu mwenyewe! Na yule aliyenitisha kwa kaburi la baba alikuwemo!

Sikulia. Nilimpokonya ufunguo, nikamwacha palepale barabarani, nikaupanda mlima mwenyewe mpaka mjini. Halikuchemsha hata kidogo. Niliporudi Mbeya nilimwambia baba mdogo arudishe ng'ombe wote, pembe na mikia. Anasema nimeuaibisha ukoo. Na uaibike!

Sisemi siumii. Jumapili nikisikia sauti ya Lutengano kanisani, moyo hunishtuka... Lakini kuumia si kurudi.

Dada zangu, nawasihi: mtu akikwambia kitu chako kimekufa, tazama kwanza nani anangojea kukizika. Usiuze huku unalia. Weka mkono wako mwenyewe, uguse.

Mimi bado namwaga maji kila jioni. Asubuhi natia mapya, naitoa hewa kwanza, ndipo nawaita abiria wapande. Wenye vichanga nawaketisha mbele, karibu na hita.