Mchi Ndani ya Injini

Jumamosi, tarehe 12 Julai 1980, saa kumi na mbili na robo jioni. Upepo mkavu ulivuma kutoka upande wa Zambia, na mabati ya Tunduma yalikuwa yamekwisha kupoa. Nilikwenda kwa Shaban, msafirishaji wa mahindi, kusikiliza injini ya pikapu yake kuukuu. Iligonga kila ilipowashwa ikiwa baridi, kisha ikanyamaza ilipopata moto. Mafundi wawili walikuwa wamebadilisha beringi bila mafanikio. Shaban alitaka jibu jioni ile ile, kwa sababu Stumai, mke wake mdogo, alikuwa katika mwezi wa kujifungua. Mimba mbili zilikuwa zimekwisha kumharibikia, na hospitali ilikuwa mbali.

Gari lilikuwa limelala tangu jana mbele ya mlango wa Stumai. Mlango wa mke mkubwa, Mwanakombo, ulikuwa upande wa pili wa ua.

Niliwasha.

Ko... ko... ko...

Mlio ule ulikuwa wa polepole mno: nilihesabu mara thelathini na nane kwa dakika. Nilikanyaga mafuta, injini ikakimbia, mlio haukuharakisha. Nikachomoa nyaya za plagi, silinda moja baada ya nyingine. Pistoni iliyolegea hujulikana hapo: ukiinyima cheche, mlio wake hupungua. Huu haukupungua.

Niliomba mti mkavu wa kupitishia sauti kutoka kwenye injini hadi sikioni. Stumai akaleta mwiko wake. Kwa mwiko ule nilisikia valvu tu, zikicheza kama kawaida. Ulikuwa mfupi, nikaomba mwingine. Akasita, kisha akauchukua ule ulioegemezwa jikoni kwa mke mwenzake, bila kuomba.

Nikauweka mahali pale pale.

Mtu alikuwa akitwanga humo ndani.

Nilisikia mchi ukishuka, halafu pumzi ya mwanamke anayeunyanyua. Nilisikia pia kinachotwangwa. Hakikuwa nafaka... kilikuwa laini, na kililia kwa sauti ndogo iliyokwama. Harufu ya mafuta ya maandazi ilinijaa puani. Kila mchi uliposhuka, Stumai alijishika tumbo.

Nilizima injini.

Ndani ya mwiko, kutwanga kuliendelea.

Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono mitupu. Mabega yake yalipanda na kushuka, polepole.

"Fundi," alisema kwa upole, "ukimaliza kusikiliza, unirudishie mwiko wangu."

Shaban alicheka cheko la kuomba amani, akasema mgeni hakujua. Mwanakombo hakumtazama. Alinisimulia mimi, kana kwamba tulikuwa wawili tu, jinsi alivyowakaangia maandazi wajenzi wa reli, alfajiri baada ya alfajiri, akiwa na mimba ambazo hazikufika mwisho. Na kwamba pikapu ile ilitoka kwenye kikaango chake.

"Gari hili nimelinunua mimi. Halijalala mlangoni kwangu hata siku moja." Kisha akamgeukia Stumai. "Usiogope, mdogo wangu. Kesho halitagonga."

Akaupokea mwiko, akaufuta kwa kanga, taratibu, kama anayemfuta mtoto mdomo.

Alfajiri Shaban aliamua kumpeleka Stumai hospitali akangojee huko, akaniomba niwasindikize endapo injini ingesumbua. Gari liliwaka kimya kabisa. Alinisifu mpaka nikaona haya. Tulikuwa karibu na Vwawa Stumai aliponong'ona kwamba mtoto hajacheza tangu gari liwashwe.

Hospitalini, mkunga aliweka pembe yake ya mbao ya kusikilizia mtoto kwenye tumbo la Stumai, akainamisha sikio. Akauliza ni nani anayetwanga nyuma ya wodi.

Nilichungulia dirishani. Palikuwa na mibuni tu, na umande.

Alitueleza kwamba moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga mara mia na ishirini au zaidi kwa dakika. Kisha akatazama saa yake, akahesabu dakika nzima. Akarudia.

Thelathini na nane.